Skii fupi na tiara ya theluji: maswali ninayoulizwa na watu wa Goma

Niliishi Norwe vipupwe tisa kabla ya kurudi nyumbani. Jozi yangu ya skii fupi, zile mbao zinazofungwa miguuni kutelezea juu ya theluji, iko nyuma ya mlango, hapa Himbi, na kila mdogo wangu anayepata karatasi za kwenda Kanada, Norwe au Finlandi hupita kuzishika na kuuliza. Wengine wananiandikia wakiwa tayari huko, baada ya kuona mtu anavutwa na tiara kubwa juu ya ziwa lililoganda. Nimeyakusanya maswali hapa kwa sababu majibu ya haraka haraka kwenye simu yanaweza kumvunja mtu mguu.

Skii fupi ni zipi hasa?

Ni zile zenye urefu wa kama sentimita 75 hadi 130. Zile ambazo watu wengi hukutana nazo kwa wauza vitu vilivyotumika huwa na sentimita 90 hadi 100, yaani zinafika kiunoni au juu yake kidogo. Skii za kawaida za mtu mzima huanza karibu 150 na kwenda mpaka 180 na zaidi. Nyingi kati ya zile fupi zimekunjwa juu mbele na nyuma, ili mtu aweze kuteleza kinyumenyume. Hazishikiwi fimbo za mkononi, na hilo ndilo linalowavutia wenye tiara, kwa kuwa mikono yote miwili tayari ina kazi.

Na tiara yenyewe ni ile ya watoto?

Asili ni moja. Ile ya theluji ni kitambaa cha mita za mraba 3 hadi 12 au zaidi, chenye kamba za mita 20 hivi, na fimbo unayoishika mbele ya kifua. Mzigo haubebwi na mikono. Unabebwa na hanesi, yaani mkanda mpana wa kiunoni wenye ndoano. Ukiivuta fimbo karibu nawe, tiara inapata nguvu. Ukiisukuma mbali, inapungua.

Ziko aina mbili kubwa. Moja ina mifupa ya mpira unaojazwa hewa kwa pampu, wazo lililopata hataza Ufaransa mwaka 1984 kutoka kwa ndugu wawili wa ukoo wa Legaignoux. Nyingine haina mifupa. Ina vyumba vya kitambaa vinavyojazwa na upepo wenyewe, kama mwavuli wa kurukia kutoka milimani. Kwenye theluji wengi huipenda hii ya pili, kwa kuwa kupiga pampu kwenye baridi kali ni mateso, na inakunjika ikaingia kwenye begi la mgongoni.

Yaya, je, skii fupi ni nzuri kwa anayeanza?

Hili ndilo swali lenyewe, na jibu langu lina pande mbili.

Upande mmoja, ndiyo. Skii fupi zinageuka kwa kufikiri tu. Miguu haipishani, ncha hazigongani, na ukianguka unainuka bila kuhangaika na mbao mbili ndefu zilizonaswa kwenye kamba. Mtu aliyekulia Goma, ambaye hajawahi kusimama juu ya kitu kinachoteleza isipokuwa tope la Birere wakati wa mvua, anaweza kusimama wima siku ileile ya kwanza. Nimewaona wengi wakifanya hivyo, na furaha yao siwezi kuieleza.

Upande wa pili, ufupi unasaidia kugeuka, hausaidii kushika. Mfikirie mwenye chukudu, ile skuta yetu ya mbao ya kubebea mizigo, anayeteremka na magunia ya makaa kutoka upande wa Kibumba. Chukudu yake ni ndefu kwa sababu. Ule urefu ndio unaoshika njia gurudumu linapogonga jiwe. Mpe chukudu ya mtoto na mzigo uleule, kwenye mteremko uleule, uone. Skii ni hivyo. Tiara inakuvuta mbele na pembeni kwa wakati mmoja. Skii ndefu ina makali marefu ya chuma yanayouma theluji na kukuzuia usiburuzwe, ina mbao mbele ya kidole gumba ya kukuzuia usipinduke kifudifudi, na ina mbao nyuma ya kisigino ya kukuzuia usikae chini. Kwenye skii fupi vyote hivyo vimepungua karibu nusu. Ukienda polepole hutaona tofauti. Ukishika kasi, zinaanza kutetemeka chini ya miguu, na mtetemo huo ni onyo.

Kwa hiyo mimi nasema: skii fupi, tiara ndogo, upepo mdogo, theluji ngumu. Likikosekana moja kati ya hayo manne, acha siku hiyo.

Kwa nini unasema tiara ndogo? Mimi ni mzito.

Kwa sababu nguvu ya upepo haipandi kama watu wanavyodhani. Upepo ukiongezeka mara mbili, mvuto haupandi mara mbili, unapanda mara nne. Kutoka mita 5 kwa sekunde hadi mita 7, tofauti ambayo shavu lako halitaitambua vizuri, mvuto tayari umekaribia kuwa maradufu. Anayeanza abaki kwenye upepo wa mita 4 hadi 7 kwa sekunde, ulio tulivu, usio na mashuko na mapando.

Kisha kuna jambo ambalo watu wetu hawaambiwi na mtu yeyote. Goma iko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi. Kwenye nyuzijoto 20, mita moja ya ujazo ya hewa ya hapa ina uzito wa kama kilo moja tu. Nenda kwenye ghuba iliyoganda kwenye usawa wa bahari, nyuzijoto 10 chini ya sifuri: hewa ileile ina kilo 1.34. Ni theluthi moja zaidi. Maana yake, tiara uliyoizoea hapa ufukweni itakuvuta kwa theluthi moja zaidi kule, hata kipima upepo kikisoma namba ileile. Na chini ya miguu huna tena nyasi za kukusugua. Una theluji isiyokushika kabisa. Mtu wa kilo 80 anayeanza, tiara ya mita za mraba 4 au 5 inamtosha kwa wiki nyingi. Usione haya kwa sababu vijana wa huko wana za mita 12. Wao walianza wakiwa watoto.

Nimeambiwa skii fupi haziumizi magoti. Ni kweli?

Kuna ukweli ndani yake, na ukweli huo ndio ulionidanganya mimi.

Skii ndefu zikijipinda, zinafanya kazi kama mtaimbo na kulikunja goti. Skii fupi hazina urefu wa kufanya hivyo, kwa hiyo kano za goti huumia mara chache zaidi. Lakini skii fupi nyingi, hasa za zamani na za bei ya chini, zina bindingi zisizofunguka. Bindingi ni kile kifungo kinachokamata buti. Kwenye skii ndefu kimewekwa kipimo, mguu ukizidiwa kinafyatuka na skii inabaki nyuma. Kwenye hizi fupi, buti limefungwa moja kwa moja. Nguvu ambayo haikwenda kwenye goti inakwenda kwenye mfupa wa muundi na kifundo cha mguu. Madaktari wa milima ya theluji wanajua hilo: waliovaa skii fupi zisizofunguka huvunjika muundi zaidi kuliko wenzao.

Kipupwe changu cha pili niliazima jozi ya namna hiyo. Upepo ulikuwa mzuri, kisha likaja pumzi moja kutoka pembeni ya kilima. Tiara ikanizungusha, mkia wa skii ya kushoto ukanasa chini ya gamba la theluji iliyoganda, mwili ukaendelea, mguu ukabaki. Nilisikia sauti kabla ya kusikia maumivu. Wiki sita za plasta, nikiwa peke yangu ghorofa ya tatu. Mama alikuwa akinipigia kutoka Goma kila jioni na mimi nikimwambia niko salama.

Na kumbuka, anayeteleza mlimani akianguka, mteremko unaisha. Anayevutwa na tiara akianguka, tiara inaendelea kuvuta. Ndiyo maana nasema kwa mkazo: kwa tiara, tafuta skii fupi zenye bindingi zinazofunguka, na mpelekee fundi azipime kwa uzito wako na urefu wa buti lako. Skii zenye urefu wa sentimita 110 hadi 130 mara nyingi hukubali bindingi hizo. Kama ulizonazo hazifunguki, zitumie kwenye kilima cha watoto bila tiara.

Buti gani?

Magumu, ya plastiki, ya skii za mlimani. Kuna skii fupi zinazofungwa kwa buti laini, nazo zinapendeza kwa kutembea, lakini mvuto wa pembeni unahitaji kifundo kilichobanwa.

Theluji ya namna gani inafaa?

Iliyoshindiliwa, au ile nyembamba iliyopangwa na upepo juu ya ziwa. Sentimita chache juu ya kitu kigumu, hapo skii fupi zinang'ara.

Theluji mpya yenye kina ni habari nyingine. Ni kama unga wa muhogo uliotoka kusagwa. Skii fupi mbili zina eneo dogo mno la kukubeba, zinazama, tiara inaendelea mbele na wewe unapiga magoti. Watu hujibu kwa kuchukua tiara kubwa zaidi ili iwanyanyue, na hapo ndipo hatari inapoingia, maana wakifika sehemu ngumu wanakuta wamebeba nguvu ambayo miguu yao haiwezi kuizuia. Barafu tupu nayo inataka makali yaliyonolewa vizuri. Pitisha ukucha juu ya makali: yasipoukwangua ukucha, hayatauma barafu.

Nikishakwenda mbali na upepo, narudije?

Mabaharia wa pwani wana neno zuri: kubisha. Ni kukata upepo kimshazari, upande huu kisha upande ule, mpaka unarudi ulikotoka upepo. Kwenye theluji ni vilevile. Unaelekeza skii pembeni, kidogo kuelekea upepo unakotoka, unalalia makali, na tiara unaishikilia pembeni chini kidogo. Skii fupi zinabisha vibaya. Kwa kila hatua mbele zinapotea kidogo upande wa chini ya upepo, na usipoangalia utajikuta kilomita mbili kutoka kwenye gari.

Ushauri wangu: anza kila mara kwa kubisha. Nenda kwanza upande wa upepo, ukiwa na nguvu, ili uchovu ukikupata, upepo wenyewe ukusukume nyumbani. Ukishindwa, funga tiara, vua skii, uzifunge mgongoni utembee. Hapo wenye skii fupi wana bahati, kwa sababu mzigo ni mwepesi.

Naweza kufanya mazoezi hapa Goma kabla ya kusafiri?

Ndiyo, na nakuomba ufanye hivyo. Kuteleza utajifunza kule kwa siku chache. Tiara inataka wiki, na wiki hizo ni bora uzipitishe kwenye joto, kwa viatu vya kawaida, karibu na nyumbani.

Chukua tiara ndogo ya mazoezi, ya mita za mraba 2 au 3. Simama ukiupa upepo mgongo. Mbele yako kuna eneo lenye umbo la robo ya mpira, na humo ndimo tiara inamoweza kuruka. Katikati yake, mbele ya kifua, ndiko kuna mvuto mkali. Pembeni kabisa na juu ya utosi ni mahali pa kupumzika. Jifunze kuituliza juu ya utosi kwa dakika kumi bila kuitazama. Jifunze kuchora nane iliyolala. Kisha jifunze kuiangusha kwa makusudi: achia fimbo, vuta kifyatuo cha dharura, uone inavyokufa. Rudia mara thelathini, kwa mkono wa kulia na wa kushoto, ukiwa umefumba macho, ukiwa umevaa glavu nene. Siku utakapokihitaji, hutakuwa na nafasi ya kukitafuta.

Upepo wetu unasaidia. Mchana ardhi ikishapata joto, hewa hutoka ziwani kuja mjini, na kiangazi cha Juni hadi Agosti upepo wa kusini huwa na nguvu zaidi. Lakini chagua mahali. Mawe ya volkano yanachana kitambaa kama wembe, kwa hiyo tafuta uwanja wa nyasi au wa udongo. Kaa mbali kabisa na nyaya za umeme na njia ya ndege. Muone kwanza mkuu wa avenue, umweleze unachofanya, kwa sababu kitambaa kikubwa angani kinaweza kuwatia watu hofu, na mji wetu umeona ya kutosha. Na usiende kwenye mabonde madogo ya Bulengo au upande wa Lac Vert, panapotulia mazuku, hewa ya sumu inayotoka ardhini. Ile hewa nzito haionekani na haina harufu, hulala chini, na tiara ikianguka humo utainama kuikusanya. Nenda mahali palipoinuka.

Usifanye hivi ukiwa ndani ya maji kama hujui kuogelea vizuri.

Hatuna theluji karibu? Milima ya Rwenzori je?

Ipo, lakini haifai. Kilele cha Margherita, mita 5,109, kipo mpakani mwa Kongo na Uganda, na barafu yake imekuwa ikipungua tangu karne iliyopita. Iliyobaki ni mabaka yenye nyufa na miamba, mwisho wa siku kadhaa za kupanda kwenye matope. Barafu hiyo inahitaji kuangaliwa na kulindwa. Nyiragongo, mita 3,470, ina baridi kali juu, ila theluji ya kutelezea haina.

Wako wapi wanaofanya mchezo huu?

Norwe, kwenye uwanda wa Hardangervidda, hasa kuzunguka Haugastøl na Finse. Uswisi, kwenye ziwa la Silvaplana na njia ya Bernina. Ufaransa, kwenye njia ya Lautaret, zaidi ya mita 2,000 juu. Kwa ndugu walioko Kebeki, maziwa yaliyoganda yako kila upande. Uliza kila mahali kama kuna eneo lililokatazwa. Kulungu wa kaskazini wanaoishi porini huogopa sana kivuli cha tiara, hukimbia na kumaliza nguvu walizoweka kwa ajili ya baridi, na baadhi ya maeneo yanafungwa kwa sababu yao. Kwetu tunajua maana ya kulinda sokwe. Heshimu wanyama wao pia.

Nitajuaje kama barafu ya ziwa itanibeba?

Waulize wavuvi wa pale, kila siku, hata kama uliwauliza jana. Kipimo kinachotajwa sana ni sentimita 10 za barafu safi, nyeusi, kwa mtu anayetembea. Ile nyeupe, iliyotokana na theluji iliyolowa, ina kama nusu ya nguvu hiyo. Lakini mwenye tiara hapiti mahali pamoja. Kwa dakika tano amevuka ziwa zima, na unene haulingani. Kwenye midomo ya mito, chini ya madaraja na karibu na matete huwa nyembamba. Ning'iniza shingoni vile vishikio viwili vyenye misumari vya kujivutia nje ukitumbukia, na usiende peke yako. Sisi tumekua na Kivu isiyoganda kamwe, hatuna hofu ya ziwa jeupe katika damu. Inabidi tujifunze hofu hiyo kwa akili.

Nani alianza mambo haya?

Kuvutwa na tiara nchi kavu ni jambo la zamani. Mwalimu mmoja wa Bristol, George Pocock, alipata hataza ya gari linalovutwa na tiara mwaka 1826. Fridtjof Nansen alipovuka Greenland mwaka 1888 alitundika tanga juu ya sleji, yaani kigari kisicho na magurudumu cha kuburuza juu ya theluji, pale upepo uliporuhusu. Børge Ousland alivuka Antaktika peke yake kati ya Novemba 1996 na Januari 1997, siku 64, akivuta sleji na kusaidiwa na tanga la upepo. Safari za namna hiyo ni za skii ndefu. Mzigo nyuma, tiara mbele, na mamia ya kilomita za theluji yenye mawimbi magumu: hapo hakuna mtu wa kuchukua mbao za sentimita 95.

Nivae nini?

Kofia ngumu, miwani mikubwa ya theluji, glavu ambazo vidole vinaweza kufanya kazi ndani yake, na kinga ya mgongo ukiipata. Ukivutwa kwa kasi unajitengenezea upepo wako mwenyewe, na uso unaganda bila wewe kujua. Mwenzako akikuambia una doa jeupe shavuni, rudi ndani mara moja, hata kama huhisi kitu. Kutohisi ndiyo dalili.

Nikishazoea, nihamie skii ndefu?

Ndiyo. Siku utakapoona unabisha bila kupotea, unasimama unapotaka, na ule mtetemo unaanza kukuudhi, tafuta skii zinazokufika kidevuni. Utaona kama barabara imewekwa lami. Zile fupi usiziuze kwa haraka. Mimi zangu nilizihifadhi kwa siku za upepo mdogo na theluji ngumu, za kuzunguka na kurudi kinyumenyume na kucheza na watoto wa jirani. Nilipofunga mizigo ya kurudi Goma, ndizo pekee zilizoingia ndani ya begi.

Naweza kuja kuziona?

Karibu, jioni, baada ya saa kumi. Njoo na viatu vilivyofungwa vizuri, kwa sababu tiara ya mazoezi ipo hapo pia, na upepo wa ziwa ukiwa bado haujalala tutatoka nayo mpaka uwanjani.